Utanzu wa Mhina

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeutoa mti katika punje isiyojaa hata kwenye ukucha, akanipa na mimi umri wa kukaa chini ya kivuli chake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake na masahaba zake. Baada ya hayo, wasomaji wangu, nina jambo dogo la kukusimulieni. Hakuna shujaa ndani yake wala safari. Ni habari ya kijitawi cha mti.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi. Binti wa ndugu yangu aliolewa, na siku ya kutiwa hina nilikaa mkekani, mgongo nimeuegemeza ukutani na miguu nimeinyoosha, kwa kuwa magoti yangu siku hizi hayataki kukunjwa. Hina za sasa huja zimesagwa tayari, zimo ndani ya pakiti, lakini mtiaji hina wetu ni mtu wa mambo ya zamani. Alikuja na majani mabichi aliyoyatwanga mwenyewe. Alipofunua bakuli, harufu ikanifikia pale pale nilipo: harufu ya majani, ya udongo uliokwisha kunyeshewa, na ukali kidogo wa ndimu. Nikafumba macho. Walioniona walidhani nimesinzia, wakapunguza sauti za kuimba.

Salma, mjukuu wangu aliyeko kidato cha pili, alikuwa ameniegemea na daftari lake mapajani, maana mtihani haungoji harusi.

"Bibi," akaninong'oneza, "utanzu ni nini?"

"Kwani mwalimu wenu hakukwambieni?"

"Katwambia tanzu za fasihi. Lakini mimi nnataka utanzu wenyewe, ule wa kushika mkononi."

Nilicheka, na macho yangu bado nimeyafumba. Nikamwambia utanzu ni kitawi kidogo cha mti, kile cha mwisho mwisho kinachobeba majani. Akaandika. Jawabu lilikuwa sahihi, na kwenye mtihani lingempa alama zake. Lakini hilo silo nililolijua mimi. Mimi neno hilo nilijifunza kwa kiganja cha mkono, nikiwa na miaka minane.

Nilizaliwa Jang'ombe, wakati nyumba nyingi za huko zilikuwa za udongo na makuti, na kila ua ulikuwa na mti wake. Huyu ana mkomamanga, yule ana mstafeli. Sisi tulikuwa na mpapai mmoja dume usiozaa, ambao baba alikuwa akiahidi kuukata kila Ijumaa, na kila Ijumaa akausamehe. Jirani yetu wa nyuma alikuwa Bi Salha, mwanamke mrefu wa asili ya Kiarabu, anayekaa peke yake. Inasemekana wazee wake walikuwa na mashamba. Yeye alibaki na nyumba ya vyumba viwili na mti wa mhina, na kwa mhina huo alikuwa akiwapamba maharusi wa mtaa mzima. Sisi watoto tulimwogopa. Sauti yake ilikuwa ikifika mahali kabla yake.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na makaburi madogo ya mtaa, na mhina ulisimama mpakani, penye ua wa makuti, nusu ya matawi yake yakiwa ndani kwa walio hai na nusu nje kwa waliotangulia.

Mdogo wangu Khamis alizaliwa siku ya Alkhamisi, baada ya mama kungoja miaka saba na zaidi tangu anizae mimi. Alikuwa na tabia ya kukamata kidole changu cha shahada na kutokiachia hata akilala, nami nilikuwa nikikaa hivyo hivyo mkono ukinifa ganzi, nikiona fahari. Aliishi miezi minne. Homa ikamchukua kwa siku mbili.

Hakuhitaji jeneza. Baba alimpakata mikononi, ndani ya sanda iliyokuwa ndogo kama mtandio wangu wa chuo cha Kurani, wanaume wakamfuata, na sisi wanawake tukabaki ndani. Waliporudi miguu yao ilikuwa imejaa udongo. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa amekaa kizingitini na tasbihi yake. Hakuuliza kaburi limechimbwaje, wala nani kasoma talkini. Aliuliza jambo moja tu.

"Mmemwekea utanzu?"

"Tumemwekea, mama."

"Mbichi?"

"Mbichi. Wa mhina wa Bi Salha, ndio uliokuwa karibu."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa pembeni yake, nikamvuta kanga na kumwuliza utanzu wa nini. Akanieleza taratibu, kama alivyoelezwa yeye utotoni mwake, kwamba Mtume wetu aliwahi kuweka kuti bichi juu ya makaburi, na kwamba kitu chochote chenye maji ndani yake humsabihi Mola wake. Basi muda wote utanzu ukiwa mbichi, aliye chini yake huwa katika utulivu kwa baraka ya tasbihi ile.

"Na ukikauka?"

"Ukikauka," akasema bibi, "si utanzu tena. Huwa kijiti."

Akarudi kwenye tasbihi yake. Alikuwa amechoka, na alikuwa amemzika mjukuu. Hakujua alichonitwika.

Siku ile ile nilivunja utanzu mwengine wa mhina na kuuchomeka nyuma ya jiko letu, nipate kuuangalia. Jua lilipopanda kesho yake, majani yalikuwa yamelegea. Siku ya pili yake yalijikunja kama masikio ya paka. Siku ya tatu niliugusa yakadondoka yote, nikabaki na kijiti. Nilisimama pale nyuma ya jiko na kijiti mkononi. Siku tatu zilikuwa zimeshapita pia kule kwa Khamis.

Bibi alikuwa ameshatuonya kwamba wanawake na watoto wa kike hawaingii makaburini. Lakini njia ya chuoni, tulikokwenda kila siku baada ya sala ya alasiri kusoma Kurani, ilipita nyuma ya makaburi yale. Nikawa naondoka nyumbani mapema kidogo. Navunja utanzu katika yale matawi yaliyotoka nje ya ua, nainama, napita baina ya mawe mpaka kwenye kaburi dogo jipya, nautoa wa jana, nachomeka wa leo. Mhina una miiba, na mimi nilikuwa nikivunja kwa pupa, nauchuna mti maganda. Vidole vyangu vilijaa mikwaruzo. Kisha nakimbilia chuoni na kusoma kwa sauti kubwa kuliko wenzangu wote, mpaka mwalimu wangu akamsifia baba bidii yangu.

Haukupita muda Bi Salha akaugundua msiba wa mti wake. Akatoka njiani asubuhi moja, mikono kiunoni.

"Nani anayenivunjia mhina wangu? Eti mbuzi! Mbuzi gani huyu anayevunja huku anasokota? Mbuzi mwenye vidole! Nitamkamata, wallahi, na nikimkamata nitamtia hina mpaka kwenye pembe zake!"

Wanawake walicheka vipenuni mwao. "Mfunge na kengele, Bi Salha!" mmoja akamwambia. Mimi nilijificha nyuma ya mlango. Kelele zile ziliendelea siku kadhaa, kisha wiki ya pili zikakoma ghafla. Nikadhani amesahau.

Siku moja mvua za masika zilinichelewesha. Nilifika kwenye mhina nikavunja utanzu wangu, lakini wanaume wawili walikuwa wamejisitiri mvua penye ukuta karibu na makaburi, na sikuweza kuingia. Nikaukunja utanzu wote ndani ya ngumi, majani na maji ya mvua, nikaenda nao chuoni. Nilikaa na ngumi yangu chini ya mtandio mpaka karibu na magharibi. Kila nilipokumbuka majani yanaweza kuharibika niliyabana zaidi, kana kwamba kuyabana ndiko kuyahifadhi. Tulipotoka, wale wanaume walikwisha ondoka. Nikachomeka kile kilichosalia, nikaosha mkono kwenye dimbwi, nikarudi nyumbani.

Wakati wa kula tulikaa kwenye jamvi, bibi, mama na mimi. Tangu msiba mama alikuwa haongei ila kwa lazima. Alikuwa akifanya kazi zote kama kawaida, anafagia, anapika, anakunja nguo, lakini kama mtu aliyeazima nyumba ya watu. Siku ile nilipopeleka mkono kwenye sinia, akanishika kifundo cha mkono. Akanigeuza kiganja juu.

Kiganja changu chote kilikuwa chekundu cha rangi ya chungwa.

"Umetia hina?"

Nikajaribu kuikunja ngumi.

"Mwanaidi. Mdogo wako hajatimiza hata arubaini. Umetia hina?"

Najua, na baadaye nilisomeshwa, kwamba sheria haikutudai maombolezo marefu kiasi hicho. Lakini hina ni furaha. Katika mtaa wetu hakuna aliyeingiza hina kwenye nyumba ya msiba, na mimi nililijua hilo kama nilivyojua kutovaa viatu msikitini.

"Sema, mjukuu wangu," bibi akasema kwa upole. "Nani kakutia?"

Nilitaka kusema. Lakini nilijua nikisema, nitakatazwa kwenda. Na nikikatazwa, ule utanzu uliopondeka utakauka, na Khamis hataletewa mwengine. Upande huu mama yangu, upande huu mdogo wangu. Nikanyamaza.

Mama hakunipiga. Laiti angenipiga. Aliuachia mkono wangu polepole, kama mtu anayeweka chini chombo kisicho chake, akaugeuza uso ukutani. "Mwache," akamwambia bibi. "Yeye amekwisha kumsahau."

Maneno hayo ninayasikia hata sasa ninapoandika.

Kesho yake sikuamka. Mvua ilikuwa imeniingia mwilini, nikashikwa na homa kali. Siku tatu nililazwa kwenye kitanda cha kamba cha bibi, napewa maji ya ndimu na kusomewa, na mama ananikanda kwa kitambaa cha baridi pasipo kusema neno. Nilihesabu katika homa yangu: leo majani yamelegea, leo yamejikunja, leo yamedondoka. Siku ya nne homa ilishuka. Mama alipokwenda kisimani na bibi akawa katika sala ya dhuha, niliteremka kitandani, nikatoka miguu ikinitetemeka, nikaenda moja kwa moja makaburini bila hata kupita kwenye mhina. Nilitaka kwanza kumwomba radhi.

Kaburi la Khamis lilikuwa na utanzu. Ulikuwa mbichi kabisa, umesimama wima, majani yake ya juu yanang'aa maji. Nikapiga magoti nikautazama. Haukuvunjwa kwa mkono. Ulikatwa kwa kisu, kwa mshazari, na majani ya chini yametolewa kwa uangalifu.

"Mbuzi wangu umepona?"

Bi Salha alikuwa amesimama penye pengo la ua wake, kisu kidogo mkononi. Niliinuka na kuificha mikono nyuma.

"Shikamoo, Bi Salha."

"Marahaba. Sogea nikuone. Ah! Umekuwa kama ufito." Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Mkono wake, ambao ulikuwa na wekundu wa hina usiotoka kamwe, ulikuwa laini kuliko nilivyodhani. "Siku tatu huonekani. Nikasema, mbuzi huyu ama kafa ama kapata malisho mengine."

"Umeniona tangu lini?"

"Tangu siku nilipoacha kupiga kelele."

Nikaanza kulia. Nikamwambia yote kwa mkupuo: kijiti, ngumi, mkono mwekundu, mama na ukuta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachuchumaa, akaushika ule utanzu na kuuzamisha zaidi udongoni, akaukandamiza kwa vidole gumba vyote viwili.

"Ukivunja kwa kusokota, unauua," akasema. "Kata hivi, mshazari, chini kidogo ya kifundo, pale panapotokea jani. Uchague uliokomaa, si mchanga sana. Uutie chini, nusu yake. Na kipindi hiki ni cha mvua. Tuone kama utakauka."

Aliponyanyuka niliona, hatua mbili tu kutoka kwa Khamis, kaburi jengine dogo ambalo mawe yake yalikuwa yamekwisha kuzama. Juu yake palikuwa na utanzu vile vile, mbichi, umekatwa mshazari.

"Huyu nani?"

"Wangu," akasema Bi Salha. Akanishika mkono tukatoka.

Alinipeleka nyumbani. Mama alikuwa amesharudi na ndoo, anahangaika ananitafuta. Bi Salha hakungoja kukaribishwa. Alikiinua kiganja changu mbele ya uso wa mama, kama muuzaji anayeonesha kitambaa.

"Tazama vizuri, mwanangu. Mimi hii ndiyo kazi yangu. Hina ya kutiwa ina mpaka, ina maua, ina kidole. Hii haina. Mtoto huyu hakutia hina. Alikuwa ameshika kitu hataki kukiachia."

Kisha akamweleza. Mama alisikiliza amesimama, maji yanachuruzika kutoka kwenye ndoo yake. Alipofahamu, aliketi pale pale chini, akanivuta, akaufungua mkono wangu na kuulaza kwenye shavu lake. Tangu siku waliyomtoa Khamis mama alikuwa hajalia. Alilia basi, kwa sauti, mpaka bibi akakatiza nyiradi zake akatoka nje. Na alipoona, alirudi ndani akaleta mkeka.

Utanzu ule haukukauka. Siku ya kumi nilidhani nimeona vibaya. Wiki ya tatu hapakuwa na shaka: kwenye kifundo cha juu palitoka majani mawili, madogo kama masikio ya panya, ya kijani kibichi kinachotaka kuwa njano. Nilimkimbilia Bi Salha. Akaja akatazama, akasema, "Haya. Sasa nenda kacheze." Nami nikaenda kucheza, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma darsa za dini kwa mwalimu wangu, tulifika kwenye habari za watoto wadogo wanaokufa. Nikasomeshwa kwamba mtoto hana dhambi hata moja, na kwamba huwa peponi, akiwangoja wazazi wake na kuwaombea. Nilikifunga kitabu. Basi Khamis hakuwa na haja ya utanzu wangu. Zile mbio zote, ile miiba, ule uso wa mama uliogeukia ukutani. Siku hiyo niliona haya, na nilikasirika kidogo, sijui kwa nani.

Kisha nikamkumbuka Bi Salha. Yeye alikuwa amehitimu Kurani kabla bibi yangu hajajua kushika msahafu. Wanawake wa mtaa walikuwa wakimwendea kwa maswali. Hilo la watoto alilijua. Alilijua alipokuwa akikata utanzu kwa ajili ya kaburi lake mwenyewe miaka yote ile, na alilijua alipoingia kwa Khamis na kisu siku tatu mfululizo. Angeweza kuniambia, na lingekuwa kweli. Lakini mtoto wa miaka minane hakuwa akihitaji kuambiwa kwamba hana kazi. Alihitaji kazi yake ikubaliwe, kisha atuliwe mzigo kwa upole. Masheikh wana maneno yao juu ya utanzu makaburini, wengine wanaukubali na wengine hawaukubali, nami nawaheshimu wote. Ninachokijua ni kwamba maji yaliyokuwa ndani ya utanzu ule yalitufikia sisi tuliokuwa juu ya ardhi.

Bi Salha alifariki nikiwa na watoto wangu. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Amelazwa jirani na wake, na utanzu aliowekewa ulikatwa kwenye mhina wa Khamis.

Juma moja baada ya harusi nilimchukua Salma tukaenda Jang'ombe. Makaburi sasa yana ukuta wa matofali na yamezungukwa na nyumba za ghorofa, lakini mhina upo, umepinda mgongo kama mimi. Nikampa kisu kidogo. Nikamwonesha kifundo kiko wapi. Akakata, mshazari, ulimi ameutoa nje kwa umakini kama anayefanya hesabu, akaenda akauchomeka kwa Bi Salha, akaukandamiza kwa vidole gumba vyote viwili ingawa sikumwambia.

"Kumbe ndio huu," akasema, akinusa mikono yake. Kisha akanigeukia. "Bibi, na ukikauka?"

Lilikuwa ni swali langu mimi, limekaa miaka yote hiyo, limerudi kwa sauti changa. Jawabu la bibi yangu, lile la kijiti, nilikuwa nalo mdomoni, na lilikuwa jawabu la kweli. Nikalimeza.

"Ukikauka," nikamwambia, "njia umeshaijua."

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, Mwenyezi Mungu awape utulivu waliokutangulia, akukubalie kila mzigo mdogo uliowahi kuubeba bila kujua kama ulitakiwa, na akupe mtu wa kukutua kwa upole. Amin.